Sahani ya Lukaya: kisa cha dereva aliyeacha matoke bila kupunguza wanga

Dereva ambaye kisa chake ninakichambua hapa alikuwa na umri wa miaka 47 alipofika kwenye kliniki yetu ya lishe wilayani Tororo, Uganda. Kwa miaka 19 alikuwa akiendesha malori ya mizigo kutoka mpaka wa Malaba, upande wa Kenya, hadi mpaka wa Katuna, upande wa Rwanda, na alikuja na lalamiko ambalo nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba nilikaribia kumkatiza kabla hajalimaliza. Alikuwa amefuata kila alichoambiwa, na sukari yake ya damu haikushuka.

“Daktari,” alisema, “matoke nimeacha, wali nimeacha, hata mkate sigusi. Ninakula kama mfungwa, lakini kile kimashine kinasema yaleyale.”

Mimi si daktari, ni afisa lishe. Hata hivyo, kwenye barabara hii kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na nimekwisha kuchoka kusahihisha. Nimeandika kisa hiki kwa ridhaa yake, na nimeondoa jina lake, kampuni anayoifanyia kazi na hoteli anazokula.

Vipimo vya siku ile vilikuwa hivi: uzito wa kilo 92 kwa urefu wa sentimita 170, kiuno cha sentimita 108, na sukari ya asubuhi kabla ya kula milimoli 9.4 kwa lita, ilhali ugonjwa wa kisukari huthibitishwa kuanzia 7.0. Kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu kilisoma asilimia 8.6. Alikuwa akitumia metformini kwa mwaka mmoja na nusu, kwa dozi ileile, na kwa mujibu wa mkewe alikuwa akiimeza bila kukosa. Ukweli huo una uzito katika uchambuzi huu, kwa sababu dawa haikubadilishwa katika kipindi chote ninachokieleza, na kwa hiyo mabadiliko yaliyofuata hayawezi kudaiwa kuwa yametokana na dozi mpya.

Alichoambiwa na alichokisikia

Nilimwomba anieleze ushauri aliopewa alipogunduliwa kuwa na kisukari, si kwa maneno ya mshauri bali kwa namna alivyouelewa yeye. Alijibu bila kusita kwamba alikatazwa vyakula vyeupe na vitamu, na akaelekezwa kula vyakula vyeusi. Matoke yaliingia kwenye orodha ya vilivyokatazwa kwa sababu jirani yake alisema ndizi ni tunda na tunda lina sukari. Muhogo ulibaki salama kwa kuwa hauna ladha ya utamu, na kalo, yaani ugali wa ulezi, ikapanda cheo ikawa dawa.

Sina hakika kwamba mshauri wa kwanza alisema hivyo. Inawezekana kabisa kwamba alizungumzia kiasi cha chakula, na kwamba katika dakika chache za mazungumzo, mgonjwa akiwa amejaa hofu, kilichobaki kichwani kilikuwa majina ya vyakula tu. Jina la chakula ni rahisi kulikumbuka, lakini kiasi chake hakina jina.

Matokeo yake ni kwamba nyumbani mkewe alianza kupika kalo kila siku aliporudi safarini, na barabarani yeye mwenyewe akawa anaagiza posho, yaani ugali wa mahindi, muhogo na viazi vitamu badala ya matoke na wali. Aliamini ameacha wanga, kumbe alikuwa ameuhamisha tu kutoka chungu kimoja kwenda kingine.

Nianze na kalo, kwa kuwa ndiyo aliyoitegemea zaidi. Ulezi ni nafaka nzuri, una nyuzinyuzi kuliko unga wa mahindi uliokobolewa na una madini ya chokaa kwa wingi. Lakini takriban asilimia 70 ya unga wake bado ni wanga, na isitoshe kalo inayopikwa katika nyumba nyingi za mashariki na kaskazini mwa Uganda huchanganywa na unga wa muhogo ili ishikamane na ivutike vizuri mkononi. Nilipomuuliza mkewe kipimo anachotumia, alisema vikombe viwili vya muhogo kwa kimoja cha ulezi, kwa sababu ulezi ni ghali. Kwa hiyo thuluthi mbili za ile “dawa” nyeusi zilikuwa muhogo, ambao karibu wote ni wanga na protini yake ni ndogo sana. Rangi ya ulezi ilitosha kuificha hesabu yote.

Hoteli inauza sosi, chakula ni nyongeza

Ili kuelewa tatizo la mtu huyu ilibidi nielewe namna chakula kinavyouzwa kwenye barabara anayoishi. Anatoka Malaba alfajiri, anakunywa chai Naluwerere karibu na Bugiri, anapita Iganga, Jinja na msitu wa Mabira, anasimama Namawojjolo ambako vijana wanakimbilia dirisha la gari wakiwa na muchomo, yaani nyama choma, kuku, na gonja, yaani ndizi tamu za kuchoma, kisha anavuka Kampala na usiku analala Lukaya, mji wa madereva baada ya ikweta ya Kayabwe kwenye barabara ya Masaka. Kesho yake anaendelea hadi Mbarara, Kabale na Katuna. Siku nne hadi sita kwa safari moja anakula nje ya nyumba, na katika siku hizo ni mama wa hoteli anayeamua sahani yake, si mkewe wala mimi.

Mtu akiketi katika hoteli ya kawaida ya Uganda huulizwa swali moja: sosi gani? Nyama ya ng’ombe, samaki, kuku, maharage, binyebwa, yaani mchuzi wa karanga. Bei inafuata sosi. Chakula, kwa maana ya matoke, posho, wali, muhogo, viazi na malenge, huja pamoja na sosi hiyo, na mteja akitaka kila aina hupewa kila aina. Lugha ya Luganda ina maneno mawili kwa jambo hili, emmere ni chakula chenyewe na enva ni kile kinachokisindikiza, na hata sisi tunaozungumza Kiswahili husema chakula upande mmoja, mboga na kitoweo upande mwingine. Lugha yenyewe imekwisha kuamua kwamba chakula ni wanga, na kwamba vilivyobaki ni vya kuupitisha kooni.

Kwa mwenye hoteli hesabu iko wazi. Posho na muhogo ni rahisi, nyama ni ghali, na mteja anayeondoka ameshiba atarudi. Anayetaka kumheshimu dereva humjazia chakula mpaka sahani isionekane, kisha anaweka vipande vitatu vya nyama kwenye bakuli la mchuzi. Ukarimu huo si wa kubeza, kwa kuwa ndio uliowalea watu wa kazi nzito kwa vizazi. Lakini mwili wa dereva umeketi saa kumi kwa siku, na kazi nzito ya kufunga maturubai na kupanga mizigo inafanywa na utingo.

Mizani

Nilimwomba kwamba safari itakayofuata anunue mlo wake wa kawaida katika hoteli iliyo karibu na yadi ya malori, ufungwe wote kama angekula mwenyewe, kisha aulete kliniki kabla hajaugusa. Aliuleta katika kopo mbili za plastiki. Tuliutenganisha na kuupima kwenye mizani ya jikoni tunayoitumia kufundishia mapishi, naye akitazama kwa makini aliyozoea kuitumia kwenye mizani ya barabara kuu.

Posho ilikuwa gramu 450, muhogo wa kuchemsha gramu 300 na viazi vitamu gramu 200. Jumla ya chakula ilikuwa gramu 950. Nyama ilikuwa gramu 70. Kabichi ilikuwepo, kijiko kimoja kilicholala pembeni kama pambo.

Posho iliyopikwa ina wanga unaokaribia robo ya uzito wake, kwa hiyo gramu 450 zilitoa takriban gramu 112. Muhogo wa kuchemsha una zaidi kidogo ya thuluthi, nao ukaongeza kama 110. Viazi vitamu, ambavyo yeye aliviogopa kuliko vyote kwa sababu ya utamu wake, vina kama sehemu moja ya tano tu, na vilileta 40. Mlo mmoja ulikuwa na wanga wa takriban gramu 260.

Kwa mtu wa kazi ya kuketi ambaye tunataka apungue uzito polepole nilikuwa nimepanga kalori 2,000 kwa siku, karibu nusu yake itokane na wanga, na kwa kuwa kila gramu ya wanga hutoa kalori 4, mpango huo ulimruhusu gramu 225 hadi 250 kwa siku nzima. Sahani moja ya usiku ilikuwa imeumaliza mgao wote, kabla ya kuhesabu chapati mbili za asubuhi na soda ya mchana.

Kisha nikamwonyesha hesabu ya pili, na nadhani ndiyo iliyombadilisha. Matoke yaliyopikwa yana wanga wa takriban gramu 30 katika kila gramu 100. Kama zile gramu 950 zote zingekuwa matoke, angepata gramu 285. Mwaka mzima wa kujinyima chakula anachokipenda kuliko vyote ulikuwa umemwokolea gramu 25 kwa mlo, kiasi kinachokaribia kipande kimoja na nusu cha mkate.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Kwa hiyo nilikuwa ninateseka bure?”

Sikumjibu kwamba ilikuwa bure kabisa, kwa kuwa nia yake ilikuwa njema na alikuwa ameacha pia mandazi. Lakini kwa suala la matoke, ndiyo, ilikuwa bure.

Upande wa protini, zile gramu 70 za nyama zilitoa kama gramu 18. Posho na muhogo vina protini kidogo ya kwao, lakini haitoshi kumfikisha kwenye gramu 70 hadi 80 ambazo mwanamume wa uzito wake anazihitaji kwa siku, hasa ikiwa asubuhi amekula chapati na mchana gonja. Nyuzinyuzi ndizo zilizonisumbua zaidi kuzieleza, kwa sababu haziliwi kama kitu kinachoonekana. Ni ile sehemu ya mimea ambayo utumbo mwembamba haumeng’enyi, na aina yake inayoyeyuka majini hugeuka kuwa kama uji mzito tumboni, ikachelewesha chakula kutoka na sukari kuingia kwenye damu kwa kasi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi za asili katika chakula kwa siku, pamoja na angalau gramu 400 za mboga na matunda. Kijiko cha kabichi hakimfikishi mtu mbali kwenye safari hiyo, na posho ya unga uliokobolewa imekwisha kunyang’anywa nyingi ya nyuzinyuzi zake kwenye mashine.

Jioni mbili za Lukaya

Alikuwa na kipima sukari chake mwenyewe, lakini alikitumia asubuhi tu. Nilimwomba akitumie saa mbili baada ya mlo wa jioni, mara mbili, katika safari mbili zinazofuatana, hoteli ileile ya Lukaya na sosi ileile ya nyama ya ng’ombe. Jioni ya kwanza ale kama alivyozoea. Jioni ya pili ale matoke.

Alidhani sikusikia vizuri alichonieleza. Nikarudia kwamba ale matoke, lakini kiasi cha ngumi yake moja, kama gramu 200, achukue sosi mbili za nyama badala ya moja, na aombe dodo, yaani mchicha, ijae nusu ya sahani. Aanze na dodo na nyama, matoke ayamalizie mwishoni, kwa sababu wanga unaotanguliwa na mboga na protini hupandisha sukari taratibu zaidi kuliko wanga unaoingia kwenye tumbo tupu.

Jioni ya kwanza kipimo kilisoma 15.1. Jioni ya pili kilisoma 10.2.

Namba mbili za kidole si utafiti, na ninazitoa kwa tahadhari hiyo. Huenda siku ya pili alitembea zaidi, huenda alilala vizuri zaidi, na vipima sukari vidogo vina makosa yao. Lakini tofauti ilikuwa kubwa vya kutosha kwa mtu ambaye kwa mwaka mzima hakuona namba ikisogea, na zaidi ya hapo ilitokea siku aliyokula kile alichoambiwa ni sumu. Alinipigia simu kutoka Lukaya saa nne usiku. Sikumlaumu kwa kupiga saa hizo.

Bei ya sosi mbili

Hapa ndipo ushauri mwingi wa lishe hufia, kwa sababu mshauri husema “ongeza protini, ongeza mboga” kana kwamba hoteli inazigawa bure. Dereva wangu alipoomba chakula kidogo na nyama zaidi, mama wa hoteli alikubali kupunguza chakula bila kupunguza bei hata shilingi moja, kisha akamtoza sosi ya pili kwa bei kamili. Kwa safari ya siku tano tofauti hiyo ilikula sehemu kubwa ya posho yake, na sasa nazungumzia posho ya fedha, si ya unga.

Suluhisho halikutoka kwangu. Lilitoka kwa utingo wake, kijana wa miaka 24 anayebeba, kufunga na kusukuma kutwa nzima na ambaye hakuna sahani iliyowahi kumshinda. Walikubaliana kuagiza sosi mbili kama kawaida, moja ya kila mtu, na badala ya kuongeza nyama kila siku wakawa wanabadilishana: chakula cha dereva kinahamia kwenye sahani ya utingo isipokuwa ngumi moja, na utingo anampa dereva vipande kadhaa vya nyama au nusu ya samaki wake. Fedha iliyokuwa ikinunua soda mbili kwa siku ikanunua dodo au nakati, mboga nyingine ya majani, ya pembeni. Kila mmoja aliona amefaidi, na kwa kadiri ninavyojua utingo bado anadhani ndiye aliyempiga mwenzake bao.

Nyama ya ng’ombe kila usiku haikuwa lengo letu, kwa hiyo tulipanga zamu. Samaki wa ngege gramu 150 aliyepikwa hutoa protini inayokaribia gramu 40, na njiani mayai ya kuchemsha ni protini ya gramu 6 kwa kila moja. Maharage yalihitaji maelezo ya ziada. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina protini ya takriban gramu 15 na nyuzinyuzi zinazozidi gramu 10, na kwa bei hakuna sosi inayoyashinda. Lakini kikombe hichohicho kina wanga wa karibu gramu 40, ingawa sehemu yake ni hizo nyuzinyuzi. Siku ya maharage, basi, matoke yanashuka hadi nusu ngumi. Wengi huyahesabu maharage kuwa protini tu, kisha wanashangaa.

Binyebwa ilikuwa kinyume chake. Yeye aliiona kama mboga ya maskini isiyo na madhara, na akawa anaimimina juu ya posho mpaka ielee. Karanga zina protini nzuri na wanga mchache, lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na gramu 30 tu za karanga zina kalori zinazokaribia 170. Hazimpandishii sukari sana, ila zinamnyima nafasi ya kupungua uzito, na kiuno cha sentimita 108 kilihitaji nafasi hiyo. Tulikubaliana juu ya upawa mmoja mdogo, na kwamba siku ya binyebwa hakuna nyama ya kukaanga.

Kuhusu vinywaji sina mengi. Soda ya nusu lita ina sukari inayozidi gramu 50, na Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isivuke sehemu moja ya kumi ya kalori za siku, ambayo kwa mpango wake ni hizo gramu 50. Chai yake ya asubuhi, vikombe viwili vyenye vijiko vinne kila kimoja, iliongeza gramu 32. Soda aliiacha ndani ya wiki moja bila maneno mengi. Chai ilimchukua mwezi mzima kushuka hadi kijiko kimoja, akinung’unika.

Jambo moja ningependa msomaji mwenye ndugu dereva asilipite. Mgonjwa huyu alikuwa anatumia metformini peke yake, dawa ambayo kwa kawaida haiteremshi sukari kupita kiasi. Angekuwa anatumia insulini au vidonge vya aina ya glibenklamaidi, nisingempunguzia wanga kwa zaidi ya nusu kabla ya kumrudisha kwa tabibu wake arekebishe dozi, kwa sababu chakula kikipungua na dawa ikabaki palepale sukari inaweza kushuka ghafla, na huyu mtu anaongoza lori lililosheheni kwenye miteremko ya Kabale.

Nyumbani

Nilidhani nyumbani kungekuwa rahisi kuliko barabarani. Nilikosea. Mkewe alikuja naye katika ziara ya tatu, akasikiliza kila kitu, kisha akasema kwa sauti ya upole iliyokuwa na mfupa ndani yake, “Dada yangu, mwanamume ametoka safarini siku tano. Ndugu zake wanakuja kumsalimia. Mimi niweke mezani ngumi moja ya kalo? Watasema nini juu yangu?”

Lilikuwa swali la haki, na halina jibu la kilishe. Kalo nyumbani kwao hailetwi kwenye sahani ya kila mtu, inakaa katikati, kubwa, imefunikwa, na watu wanamega. Hakuna mpaka unaoonyesha mtu amekula kiasi gani, na kwa mtu aliyezoea kumega akiwa anazungumza, mkono unaenda wenyewe. Tulizungumza muda mrefu. Hatimaye mama mwenyewe alipendekeza kwamba kalo ibaki kubwa katikati kwa ajili ya wageni, ila yeye atammegea mumewe fungu lake mapema na kumwekea kwenye kibakuli chake, kama wanavyowekewa wazee, ili ionekane ni heshima na si kunyimwa. Alibadilisha pia kipimo cha unga, ulezi mbili kwa muhogo mmoja, baada ya kupiga hesabu kwamba kalo ikipungua kiasi, gharama ya ulezi inajilipa.

Mboga hazikuwa tatizo kwake. Ana kibustani cha dodo na majani ya kunde nyuma ya nyumba, na mukene mkavu, yaani dagaa, anaununua sokoni kwa vipimo. Vyote hivyo vilikuwa vikipikwa siku zote, kwa ajili ya watoto. Baba alikuwa anapewa nyama kwa sababu ni baba.

Baada ya miezi mitatu

Aliporudi kwa vipimo alikuwa na kilo 87.5. Sukari ya asubuhi ilikuwa 7.6, na kile kipimo cha miezi mitatu kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 8.6 hadi 7.3. Bado ana kisukari, na bado anahitaji dawa yake. Siwezi pia kutenganisha kwa uhakika mchango wa soda na mchango wa sahani, kwa sababu aliviacha pamoja. Hata ule mwendo wa dakika 15 kuzunguka yadi ya malori baada ya kula, ambao nilimwongezea mwezi wa pili baada ya kuona anapanda kitandani ndani ya lori mara tu anapomaliza kula, una sehemu yake. Mtafiti angetaka kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mgonjwa hana muda huo.

Kulikuwa na wiki mbili mbaya. Foleni ya malori ilipomkwamisha mpakani siku kadhaa alirudia sahani kubwa, kwa maelezo yake kwa sababu hakuwa na la kufanya zaidi ya kula, na kwa sababu utingo alikuwa amekwenda kwao kumzika shangazi na hakukuwa na wa kumhamishia chakula. Niliandika maelezo hayo kwenye faili kama yalivyo, kwa kuwa yanaonyesha mpango wetu ulivyoegemea mtu mmoja. Tangu hapo amejifunza kumwambia mama wa hoteli apakue chakula nusu kabla hakijafika mezani, kwa kuwa kikifika, anasema, macho yake ni ya dereva wa zamani.

Kilichobaki ni asubuhi. Chapati mbili za barabarani, kila moja ikikaribia gramu 100, zina wanga wa takriban gramu 90, na protini yake haizuii njaa ya saa nne. Nilimpendekezea katogo, yaani mchanganyiko wa chungu kimoja, ya maharage yenye matoke machache, akasema inachelewa kuiva na yeye anaondoka alfajiri. Nikamwambia basi ale roleksi moja, chapati moja iliyokunjwa na mayai mawili, nyanya na kabichi, badala ya chapati mbili tupu. Alicheka, akasema nimesahau kwamba mwaka jana alikatazwa mayai na mtu mwingine aliyevaa koti kama langu. Tumekubaliana apime sukari saa mbili baada ya kila moja, jioni zile za Lukaya tuzirudie asubuhi za Naluwerere, na aniletee namba zote mbili atakaporudi kutoka Katuna.